Uvimbe Tuliousifia

Mimi ni bibi. Wajukuu wangu wakija wote Krismasi, mkungu mmoja wa ndizi hauwatoshi, na katika hao yumo mmoja ambaye watu wananiambia nisimhesabu. Namhesabu. Ndiye ninayetaka kumwandika hapa, yeye na mama yake Jovitha, binti yangu wa mwisho. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo maneno makubwa ya madaktari usiyatafute kwangu. Nitasema niliyoyaona kwa macho na kuyashika kwa mkono, ili wewe mwenye binti mjamzito, au mkamwana mjamzito, ukimwona anavimba usipige vigelegele kama tulivyopiga sisi.

Nakaa Nyakakika, kwenye migomba na kahawa. Jovitha aliolewa Bugomora, kule Kyerwa, kwa watu wa ng'ombe. Sisi na wao tunamwomba Mungu mmoja na lugha tunaelewana, lakini ukija kwenye neno la mwanamke mzuri ni yupi, hapo hatukubaliani. Kwetu ni yule ambaye jembe linamjua. Kwao ni yule aliyenona. Mkamwana akiingia kwao ananyweshwa maziwa asubuhi, mchana na jioni, na watu wanamkagua mashavu. Akinenepa wanasema maziwa yamemkubali. Hiyo ni sifa kubwa: ng'ombe wamempokea, ukoo umempokea. Akibaki mwembamba, mama mkwe ndiye anayesemwa kisimani. Fulani ana roho mbaya, mbona mke wa mwanawe amekuwa kama fito?

Mama mkwe wa Jovitha ni Mama Deus. Mwanamke mrefu, sauti yake unaweza kuitia ng'ombe walioko kilima cha pili. Tangu siku ya mahari hatukupatana sana, maana alimzungusha binti yangu kama mtu aliyekuja mnadani. Lakini nitasema kweli, alimpenda. Kwa njia yake, kwa kumjaza maziwa.

Kahawa ilikuwa juani inakauka nilipokwenda kumwona Jovitha, mimba imeingia mwezi wa saba. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Nilibeba ndizi na maharage mapya. Nikamkuta amekalishwa kwenye kiti cha wageni, kitenge kipya, na wanawake wa jirani wamekuja kumtazama. Sikumtambua upesi. Uso ulikuwa umejaa hadi macho yamebaki mistari miwili.

"Mwone!" akasema Mama Deus kabla sijamaliza kusalimia. "Ulinipa kijiti, mkwe. Njoo uone ninachokurudishia."

Bibi mmoja akapiga kigelegele. "Maziwa yamemkubali huyu!"

"Yamemkubali mpaka vidoleni," akasema mwingine, akauinua mkono wa Jovitha ili wote tuone vidole vilivyotuna kama ndizi sukari.

Nikacheka na mimi. Mwanao akisifiwa mbele za watu utafanya nini? Nikashukuru, nikapewa maziwa, nikanywa, tukaongea habari za mvua.

Wakati wa kuondoka Jovitha akanisindikiza hadi barabarani, bodaboda ilipokuwa inanisubiri. Alitembea kama mtu anayevuka tope.

"Mama," akasema, "ulipokuwa na mimba yangu kichwa kilikuuma?"

"Kinauma vipi?"

"Kama kuna mtu anatwanga humo ndani. Halafu naona vimulimuli. Mchana kweupe, mama, naona vimulimuli."

"Umemwambia mama mkwe wako?"

Akanitazama kama vile nimesema jambo la kitoto. "Nimwambieje? Atasema maziwa yake yananiuguza. Hapa nasifiwa, mama. Usiniharibie."

Nikaangalia miguu yake. Mikanda ya kandambili ilikuwa imezama kwenye nyama. Nikachuchumaa palepale vumbini, nikambonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba. Nilipokiondoa, shimo likabaki, kama unapobonyeza ndizi iliyoiva kupita kiasi. Nikasubiri lijae. Halikujaa. Sasa mimi nafuga nguruwe miaka yote, mafuta nayajua. Mafuta ukiyabonyeza yanakurudishia kidole chako.

Nikamwambia yule wa bodaboda aende zake. Nikamshika binti yangu mkono, tukarudi.

"Mkwe," nikamwambia Mama Deus mbele ya wale wanawake, "huyu hajanenepa. Amevimba."

Mama Deus akaweka chini chombo cha maziwa, taratibu.

"Kwetu hawavimbi. Kwetu wananenepa. Labda kwenu huko mnakoshindia ndizi na maji yake ndiko watu wanavimba."

"Njoo umbonyeze mguu."

"Nimbonyeze mke wa mwanangu kama parachichi la sokoni?"

"Mama Deus, mimi nafuga nguruwe, na nakuambia hayo si mafuta."

Nguruwe! Katika nyumba ile, mbele ya maziwa! Bibi aliyepiga kigelegele akajifunika mdomo kwa khanga. Mama Deus akasimama, na akisimama ni mrefu kweli. "Umemfananisha mwanao mwenyewe na nguruwe, na maziwa yakisikia," akasema. "Toka nje, mkwe, kabla ng'ombe hawajarudi."

Aliyeniokoa ni Deus, mume wa Jovitha, alikuwa ametoka mnadani. Kijana mpole, wa kufikiri kwanza ndipo aseme. Akatusikiliza sote wawili, akachuchumaa, akambonyeza mkewe mguu. Akaliangalia lile shimo muda mrefu.

"Mama, na wewe mama," akasema. "Kesho nampeleka apimwe. Kama ni mafuta, atarudi na mafuta yake, hakuna aliyepoteza kitu."

Kwenye zahanati wakamfunga kile kitambaa cha kupima presha. Nesi alikuwa anaongea sana, anamtania Deus kwamba wanaume wa Bugomora wanalisha wake zao kama fahali. Akapima. Akahamia mkono wa pili, akapima tena. Akaacha kutania. Nimejifunza hilo, nawe ulishike: nesi akiacha soga, vaa viatu. Siku hiyohiyo tukaenda hospitali, na kule wakasema Jovitha harudi nyumbani, atakaa pale mpaka ajifungue.

Kuna nyumba pale ya wajawazito wanaosubiri, wale wanaotoka mbali na wale wenye matatizo. Nikahamia naye, mimi mzee nilale kwenye mkeka chini ya kitanda cha binti yangu. Shamba nililiachia jirani. Asubuhi benchi la mkojo, kila mwanamke na kikopo chake. Halafu benchi la presha. Halafu benchi la kumsubiri daktari. Makalio yangu yakayajua mabenchi yale kama yanavyokijua kigoda changu cha jikoni. Mchana tunapika nje kwenye mafiga, moshi, maharage, na matumbo yamezunguka moto kama vyungu.

Tulikuwa tunajiandaa. Hilo lilinipa furaha, nisikufiche. Nilimfungia begi la kujifungulia: khanga za zamani zilizo laini, mpira wa kutandika, pamba, glovu, wembe mpya, beseni, kofia ndogo ya sufu niliyoifuma mwenyewe benchini. Mwanamke mmoja mfanyabiashara kutoka Muleba, Mama Koku, aliyekuwa na mapacha tumboni, akaniona nafuma akasema, "Bibi, kofia hiyo ni ya mtoto au ya yai?"

"Ya mtoto wa binti yangu. Yako fuma mwenyewe, tena ufume mbili."

"Mimi nitanunua. Nina duka."

"Basi lete sabuni ya dukani kwako, maana unanuka moshi kama sisi."

Tulicheka. Ukiwa kwenye nyumba ya kusubiri, usikatae kicheko kikija, maana hakiji kila siku.

Dawa zikaanza kufanya kazi. Jovitha akakojoa na kukojoa, na ule uvimbe ukaanza kushuka. Kwanza macho yakafunguka. Kisha shingo ikaonekana. Mashavu yakaingia. Akaonekana kama binti yangu tena, mifupa ya uso ileile aliyokwenda nayo kanisani siku ya ndoa. Kichwa kikatulia, vimulimuli vikaondoka. Nikawa namwangalia akilala, nasema asante Mungu.

Mvua za vuli zilipoanza, Mama Deus akaja. Alibeba dumu la maziwa kichwani kutoka barabarani, akaingia chumbani, akamwona Jovitha amekaa kitandani. Dumu likamponyoka.

"Mmemfanya nini?" akasema. Akaanza kulia, machozi ya kweli, si ya kujionyesha. "Nilikuachia mtu, mkwe. Nakuta mifupa!"

Nesi aliyekuwa zamu akaja mbio kwa ile sauti. "Mama, tulia. Huku kupungua ndiko kupona."

"Kupona gani kwa kukonda? Tangu lini mtu akapona kwa kukonda?"

"Yale yalikuwa maji, mama. Ugonjwa."

"Binti yangu, wewe umeolewa?"

"Bado, mama."

"Basi hujui mwanamke anatakiwa aweje." Akamgeukia Jovitha, sauti ikalainika. "Mwanangu, twende nyumbani. Siku zako bado. Utapumzika, utakula, ikikaribia tutakurudisha. Mtoto wa kwanza wa Deus asimkute mama aliyekaukiwa."

Nesi akakataa. Daktari akaja, naye akakataa, akaeleza taratibu kama anayemfundisha mtoto. Nami nikasema maneno yote niliyokuwa nayo. Lakini binti akishaolewa, mama yake mzazi ni mgeni wake. Wenye neno ni kule alikoolewa. Deus, aliyekuja na mama yake, akasimama katikati yetu, anamwangalia yeye, ananiangalia mimi. Na Jovitha mwenyewe alikuwa amechoka. Amechoka mabenchi, amechoka kukojoa kwenye kikopo, amechoka kulala na matumbo ya watu.

"Mama, niache niende nikaoge kwangu," akaniambia. "Kichwa hakiniumi tena. Jumatatu nitarudi. Nakuahidi."

Wakatia sahihi kwamba wanamchukua kwa hiari yao. Wakapewa mfuko wa vidonge, nesi akarudia mara nyingi jinsi ya kuvimeza. Nilimfungia Jovitha kofia ile ya sufu kwenye fundo la khanga yake. Hakuniangalia alipopanda gari, kwa sababu tungeangaliana tungelia, na mbele ya mama mkwe bibi harusi halii.

Jumapili nilikuwa shambani napanda maharage simu ilipolia. Deus. Hakusalimia, na yeye hajawahi kuniita bila shikamoo.

"Mama, ameanguka. Alikuwa anavaa twende kanisani. Anatetemeka mwili mzima, ameuma ulimi, hatusikii. Tuko njiani tunakwenda hospitali."

Nilikwenda na matope yangu miguuni. Nilipofika walikuwa wameshamwingiza chumba cha upasuaji. Deus alikuwa ameketi sakafuni, ana damu ya ulimi wa mkewe kwenye shati jeupe la ibada. Mama Deus alikuwa amesimama ukutani. Madaktari wanakiita kifafa cha mimba, mimi sitakieleza. Nitakueleza lile benchi. Ni benchi la mbao, limechakaa katikati kwa watu kukaa, na mbele yake kuna mlango wenye kioo cha ukungu. Vivuli vinapita kwenye kioo. Kila kivuli kikisimama unasema sasa, na mlango haufunguki. Niliomba sala zote ninazozijua, zikaisha, nikaanza kumwomba Mungu kwa maneno ya jikoni.

Mlango ulipofunguka wakasema mama yuko hai ila hajaamka. Mtoto wa kike, naye yuko hai.

Wakanionyesha. Utanisamehe, mimi sijui kuremba: nilichokiona ni sungura aliyechunwa. Ngozi unaona damu inavyopita ndani. Masikio hayajakomaa vizuri. Lakini akafungua kinywa, akatoa sauti kama ya kifaranga, na hapo nikawa bibi yake kabisa, kwisha.

"Huyu anahitaji joto la mwili," nesi akasema. "Mama yake hawezi. Nani atambeba?"

"Mimi."

"Vua blauzi, bibi."

"Mbele za watu?"

"Mbele ya mtoto."

Nikavua. Chumba kile kilikuwa na wasichana waliobeba watoto wao vifuani, ngozi kwa ngozi, wamefungwa kwa vitenge. Njia hiyo wanaiita kangaroo. Mimi na umri wangu nikaketi katikati yao. Matiti yangu siku hizi ni soksi mbili zilizoanikwa, na katikati ya soksi hizo wakamlaza mjukuu wangu, na kofia yake ya sufu.

"Bibi, yakitoa maziwa utuambie," msichana mmoja akasema.

"Yakitoa nitakuuzia."

Wakacheka mpaka nesi akatuambia tupunguze. Mtoto alisikia kicheko changu kifuani, akashtuka, kisha akatulia. Nilihisi moyo wake, tiki tiki tiki, kama saa ya mtu mwenye haraka. Nilikaa hivyo mchana, nikalala hivyo usiku nimeegemea ukuta. Mgongo ulikufa ganzi. Sikuwahi katika maisha yangu kuwa na kazi nzuri kama ile.

Mama Deus alikuwa anakaa mlangoni, haingii. Mara akaingia, akapiga magoti mbele yangu. Mwanamke yule mrefu, magotini.

"Vidonge," akasema. "Niliviweka juu ya kabati. Nilidhani ndivyo vinavyomkondesha. Nikampa maziwa badala yake. Mkwe, nilidhani namponya."

Nilitaka kumpiga. Kama nisingekuwa nimebeba mtoto, ningempiga. Nikamwambia, "Ondoka mbele yangu," naye akaondoka. Kesho yake akarudi, akasema, "Nipe na mimi nimbebe. Kidogo tu." Nikasema hapana. Siku iliyofuata mikono yangu ilikuwa inatetemeka kwa kukosa usingizi, nikaogopa nitamwangusha. Nikampa. Akamfungulia kifua chake kipana, akainamisha uso juu ya mtoto, hakutikisika mpaka nilipoamka.

Kisha Jovitha akaamka. Niliitwa mbio, nikamkuta amegeuza kichwa upande wa dirisha, jua linamwangaza usoni.

"Mama? Mbona hamjawasha taa?"

Nesi akaniwekea kidole mdomoni. Nikakiondoa.

"Jovitha, ni mchana, mwanangu."

Akainua mkono wake, akauweka mbele ya macho, akaugeuza. Akaushusha. "Mtoto?" akauliza.

Daktari akasema macho yatarudi, kwamba huwa yanarudi, tumpe muda. Tukampelekea mtoto. Akamsoma kwa vidole. Akaanzia kisogo, akaja masikio, pua, akafungua vidole vya mkono kimoja kimoja kama anayefungua ganda la maharage. Akavuta harufu yake. Akampa jina palepale bila kumsubiri mtu wa ukoo: Asimwe, yaani Mungu ashukuriwe. Maziwa yake yakaja mengi, tukawa tunayakamua kwenye kikombe, mtoto anapewa kwa mrija mwembamba kama uzi.

"Yuko mweupe au mweusi?" ananiuliza.

"Bado mwekundu kama nyanya."

"Ana nywele?"

"Utaziona mwenyewe."

"Anafanana na nani, mama?"

"Subiri macho yako, utaona," nikasema. Kila siku nilimjibu hivyo. Nilidhani siku tunazo.

Asimwe aliondoka asubuhi moja mvua ikinyesha. Alikuwa kifuani kwangu. Ile saa yenye haraka ikaanza kusitasita, nikamwita nesi, wakamchukua, wakahangaika naye kwa mashine, kwa mikono, kwa kila walichokuwa nacho. Wakanirudishia. Alikuwa bado na joto, na joto lile lilikuwa langu.

Kwetu mtoto aliyefariki kabla ya kutolewa nje na kuonyeshwa watu hafanyiwi matanga. Wanawake wanamzika upesi, watu wanarudi shambani. Tulimpeleka Bugomora, nyumbani kwa baba yake, mimi nimempakata kwenye gari. Jovitha alibaki kitandani, hana nguvu, hana macho. Wakaja wanawake wa kumzika, na mmoja akasema tufanye haraka kuna mvua. Mama Deus akamkatiza: "Huyu ana jina. Kaeni." Akatandika nyasi sebuleni kama anavyotandikiwa mtu mzima, akakaa chini. Watu wakakaa. Hata wanaume wakaja. Siku hiyo nilimsamehe robo, siwezi kudanganya kwamba nilimsamehe zaidi.

Niliporudi hospitali Jovitha alikuwa amelowa kifuani, maziwa yanatoka yenyewe. Nikamfunga matiti kwa kitenge, nikakaza, naye anauma meno. Hakuna dawa ya hilo. Nakuambia ili likikukuta usifikiri ni wewe peke yako. Baadaye akaanza kuona mwanga, kisha madirisha, kisha rangi ya khanga yangu. Manesi wakashangilia. Yeye hakushangilia. Akatazama kitanda kizima, akatazama huku na huku, kama mtu aliyefika stendi gari limeshaondoka.

Nikamrudisha kwangu Nyakakika. Deus anakuja kila baada ya mnada, anakaa naye nje. Tuliendelea na kliniki ya presha, tukakaa kwenye benchi lilelile na wenye matumbo. Nendeni hata kama inauma, maana ugonjwa huu haukwishi siku ile mtoto anapotoka. Na wewe mama mkwe, mguu wa mkamwana wako ubonyeze. Usione aibu. Shimo likibaki, na kichwa kinamuuma, na anaona vimulimuli, usimpe chochote cha kumnenepesha, mpeleke. Akianza kupungua kwa dawa, shangilia hapo. Na vidonge usiviweke mbali na mkono wake. Na wewe binti, ukiulizwa na nesi hali yako mbele ya mama mkwe, heshima iweke pembeni, sema panapouma.

Mama Deus alileta salamu mara nyingi. Jovitha alikuwa anajibu neno moja: "Macho yangu yamerudi, na sitaki yamwone yule." Deus alisikia, akainama. Nilijua ndoa inakatika, na sikuizuia. Nilitaka abaki kwangu.

Senene walipoanza kuanguka, tukawa tumekaa jikoni tunawanyonyoa mabawa, sinia katikati yetu. Jovitha akasimamisha mikono.

"Mama. Sasa nina macho na hakuna cha kuona. Niambie. Alifanana na nani?"

Ningeweza kusema alifanana na wewe. Ndilo jibu alilolitaka, na ndilo nililolitaka mimi. Lakini yule mtoto sikumbeba kifuani nije nimdanganye mama yake juu ya uso wake.

"Alifanana na mama mkwe wako," nikasema. "Nililiona siku ile alipombeba. Paji lile pana, lililopinda juu kama kibuyu. Nyusi zinazokaribia kukutana. Na kishimo cha kidevu. Hakuchukua kwako, hakuchukua kwangu. Alikuwa yeye mtupu, ametolewa nakala ndogo."

Akamaliza kunyonyoa sinia zima, akanawa mikono, akavaa kitenge.

"Nipeleke Bugomora."

Tulifika jua likiwa juu. Mama Deus alikuwa uani anasafisha vyombo vya maziwa kwa moshi. Alipotuona alisimama, kisha akakosa la kufanya na mikono yake. Jovitha akamwambia shikamoo. Mama Deus akarudi kukaa, naye Jovitha akaketi chini mbele yake, magoti karibu yagusane, akaanza kumwangalia usoni. Hakumwangalia machoni. Alimwangalia kidevu, akaja nyusi, akapanda.

"Unatazama nini, mwanangu?" Mama Deus akauliza.

"Mama ameniambia alikuwa na uso wako."

Nilidhani yule mwanamke atalia, au ataanza kuomba radhi tena. Hakufanya hivyo. Alikuwa amefunga kilemba mpaka karibu na nyusi. Akainua mikono, akakifungua, akakiweka mapajani, akausogeza uso wake kwenye mwanga.